Kope la Kushoto

Mwalimu Natalia alikuwa amezoea kupewa pole. Alipewa pole sokoni akichagua nyanya, akapewa pole mlangoni mwa kanisa, na Jumatatu moja mama aliyeleta mtoto kuandikishwa darasa la tatu, mgeni ambaye hawakuwahi kuonana naye, alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamwambia, "Pole sana mwalimu. Mungu atakutia nguvu." Natalia akaitikia, "Asante," maana hakujua aseme nini kingine. Hakuwa na msiba wowote. Mumewe Tadeo alifariki miaka sita nyuma, naye alishalia akamaliza, akavua nguo nyeusi, akapaka nyumba rangi upya na kurudi kucheka. Msiba uliisha. Ila ngozi ya chini ya macho yake haikupata habari.

Ilikuwa imekunjamana. Mikunjo midogo midogo ilianzia kwenye kona ya pua ikasambaa mpaka kwenye mashavu, na asubuhi, kabla hajanawa, ilivimba kidogo ikamfanya aonekane kama mtu aliyekesha analia. Ni macho ya ukoo. Mama yake kule Mbulu alikuwa nayo, na bibi kabla ya mama. Lakini bibi hakufundisha watoto arobaini na sita wenye midomo isiyo na breki. "Mwalimu amelia tena," walinong'ona alipogeukia ubao, na Natalia alisikia, chaki ikatulia mkononi, kisha akaendelea kuandika.

Mdogo wake Vailet ndiye aliyemshika kidevu siku moja akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, hii naitoa."

"Unaitoa vipi?"

"Kuna dawa. Napaka, inachubua ngozi ya juu, baada ya wiki inaota mpya imenyooka. Siku moja tu."

Vailet alikuwa amerudi kutoka Arusha na cheti cha kozi ya urembo ya wiki tatu. Alikiweka kwenye fremu akakitundika katika chumba alichokodi karibu na stendi, juu ya kitanda cheupe, kando ya kabati la vioo lenye chupa alizopanga kwa urefu. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Natalia alimzidi kumi na mmoja, na ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao alipougua, akamlisha uji, akamfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Kwa hiyo Vailet aliposema, "Nataka wewe uwe wa kwanza wa macho, nipige picha ya kabla na ya baada," Natalia alijisikia kama mzazi anayeombwa na mtoto aje kwenye mahafali. Walikubaliana Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi.

Jumatano, siku tatu kabla, Natalia alikwenda kwenye kliniki moja ya macho mjini. Hakwenda kwa ajili ya mikunjo. Alikwenda kwa ajili ya miwani, maana herufi za kwenye madaftari zilikuwa zimeanza kumkimbia. Daktari alikuwa mgeni, Daktari Devotha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuja Babati wiki moja kila mwezi na kuondoka Jumamosi mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari."

Akampima, akamwandikia miwani. Natalia alipokuwa anainuka ndipo neno lililokuwa limekaa kooni likamtoka.

"Na hii ngozi ya hapa chini. Ina tiba?"

Daktari hakucheka. Alivuta kiti karibu. "Naomba nikuguse kidogo." Akalishika kope la chini kwa vidole viwili, akalivuta mbele taratibu, akaliachia. "Usipepese macho."

Natalia akasubiri. Alilihisi kope likining'inia mbele ya jicho kama pazia lililochomoka kwenye ndoano. Moja, mbili, tatu, nne. Halikurudi mahali pake mpaka alipopepesa.

"Umeona? La kijana linarudi papo hapo. Lako limelegea, na ngozi juu yake imekuwa nyembamba. Tiba zipo, mama, lakini si zote ni za jicho kama lako." Akaeleza kwa upole, kama anayemwelekeza mtu njia. Kukinga jua kwanza, na miwani ya jua, kwa sababu vumbi na jua la huku humfanya mtu akunje uso mwaka mzima. Krimu zenye vitamini A husaidia kidogo, ila hupakwa kwa tahadhari, mbali na ukingo wa kope, na matokeo yake ni ya miezi. Sindano na leza zipo kwa wataalamu, tena nyingine kwa ngozi nyeusi zinahitaji mtu anayejua sana anachofanya. Upasuaji upo pia. "Lakini kwako wangeanza kulikaza kope lenyewe pembeni, ndipo waguse ngozi. Mtu akipunguza ngozi tu, au akaichubua kwa asidi kali, ikisinyaa inalivuta kope chini. Jicho linabaki wazi. Hata ukilala halifungi sawasawa."

"Hiyo asidi ni mbaya hivyo?"

Daktari akamtazama. "Nani anataka kukupaka asidi?"

"Hakuna. Naulizia tu."

"Basi mwambie huyo Hakuna asithubutu kuiweka hapo. Doa litakaloachwa linaweza kuwa jeusi kuliko mikunjo unayoikimbia. Halafu chozi. Chozi likigusa dawa linaivuta kuingia jichoni, kama utambi unavyovuta mafuta."

"Na ikishaingia?"

"Maji. Maji safi, mengi, nusu saa nzima, hapo hapo ulipo. Ndiyo uje hospitali."

Natalia alirudi nyumbani Nakwa kwa miguu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Vailet, na kila alipoyapanga yaliishia kuwa maneno yale yale: siamini mkono wako. Angemwambiaje hivyo? Alhamisi Vailet alipiga simu mara mbili, Natalia akaiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Ijumaa jioni akamtumia ujumbe: Kesho nina kikao cha shule, sitaweza. Ulikuwa uongo, na aliutuma kabla aibu haijamshika.

Jumamosi alikuwa anafua. Saa nne kasoro simu iliyokuwa juu ya kiti ikalia mlio wa ujumbe. Akajifuta kidole kimoja kwenye kanga akafungua.

Usijali dada. Nafasi yako nimempa Mama Edda. Ameshafika.

Mama Edda alikuwa Rosalia, mfanyabiashara kutoka Moshi mwenye duka la pembejeo, mbegu na dawa za mashamba, barabara ya kwenda Kondoa. Alikuwa na miaka sitini, na makope yake ya chini yalikuwa yamelegea zaidi kuliko ya Natalia, yakionyesha wekundu kwa ndani. Natalia aliyaona yale makope mbele yake kana kwamba Rosalia amesimama pale uani. Akapiga simu ya Vailet. Haikupokelewa. Akapiga tena.

Aliacha nguo kwenye beseni. Alitoka na kandambili, mikono ina povu, akamsimamisha bodaboda wa kwanza aliyepita. "Stendi. Kimbia, mwanangu." Upepo wa Agosti ulikuwa unapuliza vumbi jekundu kutoka upande wa Mlima Kwaraa, na alikunja uso njia nzima.

Rosalia alikuwa ameshalala kitandani, nywele zimefungwa kitambaa, uso umesafishwa unang'aa. Vailet alikuwa amevaa glovu. Kwenye meza ndogo kulikuwa na kibakuli cha kioo, vijiti vya pamba, na chupa ya kahawia.

"Vailet, ngoja kwanza."

"Dada! Na kikao?"

Natalia aliichukua ile chupa. Bila miwani mpya ilibidi anyooshe mkono mbali ili asome. "Kwenye kozi mlitumia ya asilimia ngapi?"

"Kumi na tano."

"Hapa imeandikwa hamsini."

Vailet akageukia Kiiraqw, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, ili mteja asielewe. Alisema ile ya kumi na tano ilikosekana, kwamba ataichanganya na maji, kwamba dada asimwaibishe mbele ya watu. Natalia naye akamjibu kwa Kiiraqw: mlifundishwa kuichanganya?

Rosalia akainuka kwa kiwiko. "Mbona mnaongea lugha ya kunificha? Kuna nini?"

"Mama Edda," Natalia akasema kwa Kiswahili, "daktari wa macho ameniambia hii dawa chini ya jicho ni hatari. Kope linaweza kuvutika chini lisifunge tena. Nakuomba usipake."

Rosalia akamtazama yeye, akamtazama Vailet. "Daktari amekwambia lini?"

"Jumatano."

"Na leo ni Jumamosi. Mwalimu, si wewe uliyekuwa wa kwanza kwenye orodha? Siku tatu hukusema neno, nimeshalala mimi ndiyo unakuja mbio." Alikuwa na harusi ya binti yake Edda mwezi unaofuata, na alikuwa amekwisha kujiona kwenye picha. "Mimi nataka nipakwe. Uso ni wangu."

"Dada anaogopa," Vailet akasema. "Siku zote anaogopa. Kufungua hapa aliogopa, kwenda Arusha aliogopa. Angekuwa ananiamini angekuwa amelala hapo yeye."

Yale maneno yalimchoma Natalia mahali palipokuwa na kidonda tayari. Alisimama katikati ya chumba, chupa mkononi, feni ikizunguka. Angeweza kuivunja ile chupa sakafuni. Alilifikiria hilo. Lakini Vailet angenunua nyingine, na Rosalia angerudi Jumatatu, na safari hiyo hakuna ambaye angemtumia Natalia ujumbe. Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu, ambalo hakulitaja: sehemu moja ya moyo wake bado ilitaka. Ilikuwa inamnong'oneza kwamba madaktari nao hukosea.

"Inuka, Mama Edda," akasema. "Nafasi ni yangu. Vailet, utanipaka jicho moja tu, la kushoto. Mama Edda akae pale atazame. Baada ya siku tatu, akipenda anachokiona, alale yeye."

Rosalia alifikiri kidogo, akaona ni neno la haki. Akashuka kitandani.

Kabla ya kulala Natalia aliuliza maji yako wapi. Bomba lilikuwa kavu tangu jana, ila kulikuwa na ndoo yenye mfuniko pembeni, robo tatu. Akaivuta mwenyewe mpaka chini ya kitanda, akaweka kopo juu yake. Vailet alimwona akifanya hivyo, na uso wake ukabadilika. Lakini alikuwa ameshasema maneno makubwa, na maneno makubwa ni vigumu kuyameza mbele ya mteja.

Alipima dawa kwa jicho, akamimina maji, akakoroga. Akampaka mafuta mazito kwenye ukingo wa kope. "Funga macho. Dakika mbili tu, dada."

Kijiti kilipogusa ngozi kilikuwa cha baridi. Natalia alikisikia kikipita taratibu, toka kona ya nje kwenda ya ndani, mkono wa Vailet ukiwa mwepesi, mzuri, mkono wa mtu anayejua kusuka nywele za mtoto bila kumliza. Kwa muda wa pumzi tatu akawaza kwamba mdogo wake anaweza. Kisha baridi ikageuka kuwasha, na kuwasha kukageuka moto.

"Inachoma."

"Ndiyo inavyofanya kazi. Bado dakika moja na nusu."

Alishika kingo za kitanda. Alisikia Vailet akivuta pumzi ghafla, na Rosalia akiuliza kutoka kwenye kiti, "Mbona imekuwa nyeupe?" Akauliza tena, "Vailet, mbona ngozi imekuwa nyeupe kama chokaa?"

"Inatakiwa... kidogo inatakiwa."

Usitoe chozi, Natalia alijiambia. Aliwaza kuhusu ubao, jedwali la mara saba, lolote lile. Saba mara sita. Saba mara saba. Lakini chozi la maumivu haliulizi ruhusa. Alilisikia likijikusanya kwenye kona, zito, la uvuguvugu, likamwagika, likagusa ile dawa, na mara moja likarudi nayo jichoni.

Alipiga kelele ambayo hakujua anayo.

"Maji! Vailet, maji!"

Vailet alisimama wima. Kijiti kilikuwa bado mkononi mwake, mdomo umefunguka, macho yametoka, na mguu haukuinuka. Aliyeruka ni Rosalia. Miaka ishirini aliwauzia wakulima dawa za kuua wadudu, na maneno yaliyoandikwa nyuma ya kila chupa aliyajua kama Baba Yetu. Aliusukuma mkono wa Vailet, akamgeuza Natalia ubavu, jicho la kushoto chini ili maji yasivuke kwenda la kulia.

"Fungua jicho! Lifungue, mwalimu!"

"Siwezi!"

"Utaweza!" Akalifungua kwa kidole gumba na cha shahada, kwa nguvu, kama anayefungua mdomo wa gunia. "Wewe! Shika kichwa! Mimina!"

Ile sauti ndiyo iliyomwamsha Vailet. Akashika kopo. Maji yalimwagika jichoni, sikioni, shingoni, kitandani, sakafuni. Kopo baada ya kopo. Natalia alisikia sauti ya mdogo wake juu yake ikisema jambo moja tu bila kukoma, "Dada, dada, dada."

"Dakika ngapi?" Natalia akauliza.

Rosalia akatazama simu. "Nane."

Kopo likagonga sehemu ya chini ya ndoo. Maji yalikuwa yameisha.

Vailet alitoka mbio na ndoo tupu. Mlango wa pili kulikuwa na mama anayeuza chakula, na Natalia alisikia mayowe, sufuria likianguka, mtu akisema, "Haya ni ya kupikia!" na Vailet akijibu kwa sauti ya mtoto, "Ni dada yangu!" Mpaka anarudi, kila sekunde ile dawa ilikuwa inachimba. Rosalia alimshikilia lile jicho wazi, akalipulizia pumzi kwa kukosa la kufanya. "Anakuja. Anakuja, mama yangu. Vumilia."

Maji yakaja. Walimimina mpaka nusu saa ikatimia, na Rosalia akaongeza dakika tano za kwake.

"Daktari yupo mpaka saa ngapi?"

"Mchana," Natalia akasema. "Leo anaondoka."

Ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Bajaji iliwabana wote watatu, Natalia katikati na kitambaa kilicholowa usoni, ulimwengu wote ukiwa ukungu wa maziwa upande wa kushoto. Walimkuta Daktari Devotha ameshafunga begi, anazungumza na dereva mlangoni. Alimwona Natalia, akaliona jicho, akarudi ndani bila kuuliza neno.

Akamtia matone ya kufisha maumivu, kisha matone ya rangi ya njano, akamwangalia kwa taa ya bluu. Vailet alikuwa amejibandika ukutani.

"Kioo cha jicho kimeungua juu juu, sehemu ya chini," daktari akasema hatimaye. "Hakijaungua kwa kina. Mngechelewa kuosha, ningekuwa nasema maneno mengine." Akazima taa. "Nani amepaka?"

Natalia alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari: nilijipaka mwenyewe nyumbani. Alikuwa amelitunga kwenye bajaji.

"Mimi," Vailet akasema. "Mimi ni mdogo wake. Nina saluni."

"Chupa iko wapi?"

Vailet akaitoa kwenye mkoba. Natalia hakujua kwamba ameichukua. Daktari akaisoma, akaiweka mezani mbali nao kana kwamba ni nyoka aliyelala.

"Umeshawapaka watu wangapi?"

"Wawili. Mashavuni tu, jana."

"Wapigie. Sasa hivi, kabla sijaondoka. Waambie ukweli, na waje niwaone."

Vailet alitoka nje kwenye kibaraza. Kupitia dirishani walimsikia akianza mara tatu kabla hajaweza kumaliza sentensi. Rosalia, aliyekuwa amekaa na gauni limelowa mpaka kiunoni, akamwambia daktari, "Na mimi nilikuwa nalazimisha. Andika na hilo."

Kioo cha jicho kilipona kwa siku sita. Ngozi haikuwa na haraka hiyo. Ilitoka vipande, ikaacha chini yake wekundu kama wa nyama, kisha weusi uliozidi uso wote. Na ilipokaza, ilifanya kile kile daktari alichosema: ililivuta kope la kushoto chini. Si sana, upana wa punje ya mtama, lakini ilitosha. Upepo ulipovuma jicho lilichuruzika. Usiku ilibidi lipakwe mafuta mazito na kufungwa kwa plasta. Wale wateja wawili wa mashavuni walibaki na madoa ya muda, na mmoja wao hakumsemesha Vailet tena.

Kila jioni, baada ya kufunga saluni ambayo sasa ilisuka nywele na kupaka kucha tu, Vailet alipanda bodaboda kwenda Nakwa. Daktari alikuwa amewaonyesha jinsi ya kulisugua kovu kwa kidole, kwenda juu, dakika kumi. Natalia aliketi kwenye kiti cha jikoni, Vailet akasimama nyuma yake. Wiki ya pili, kidole kikiwa kinapanda taratibu kwenye ngozi, Vailet akasema:

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ulilala pale ukijua. Ukaweka na ndoo. Ulitaka nikuunguze ili nijifunze?"

Nje jirani alikuwa akiita kuku wake. "Nilitaka Mama Edda asilale," Natalia akasema. "Hilo la kwanza. Lakini lipo la pili. Nilitumaini daktari amekosea. Nilikuwa naitaka hiyo ngozi mpya, Vailet. Nimechoka kupewa pole."

Kidole cha Vailet kilisimama. "Ungeniambia Jumatano."

"Ndiyo."

"Ningekasirika."

"Ungekasirika. Na jicho langu lingekuwa zima."

"Na mimi nilisoma ile namba kwenye chupa," Vailet akasema polepole. "Siku chupa ilipofika niliisoma. Nikaigeuza ili maandishi yaangalie ukuta." Alianza kulia, kimya kimya, na Natalia akanyoosha mkono nyuma ya bega lake akamshika kiganja. Hakumwambia anyamaze. Baada ya muda Vailet akajifuta kwa mkono wa blauzi, akaangalia saa. "Bado dakika nne," akasema, akaendelea.

Baada ya miezi mitatu Daktari Devotha alilipima tena kope. Lilikuwa limepanda, si lote. Alilivuta kidogo, akaliachia, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Kovu linalainika. Tusubiri mpaka lifike miezi sita au zaidi. Ukitaka kulirekebisha, kuna daktari bingwa wa upasuaji wa makope, naweza kukuandikia barua ya kumwona. Atalikaza pembeni. Ila atakuuliza, na mimi nikuulize: unataka kwa ajili ya jicho lifunge vizuri, au kwa ajili ya sura?"

Vailet, aliyekuwa ameketi benchi moja na dada yake, akainamisha kichwa. Alitegemea kusikia jibu la mtu aliyefunzwa adabu, kwamba ni jicho tu, si sura. Natalia naye alilitafuta jibu hilo, akaona hana.

"Vyote viwili," akasema.

"Sawa," daktari akasema, akachukua kalamu. "Naandika vyote viwili."